Picha Ndogo Katikati ya Skrini

Siku chache baada ya arobaini ya kaka yangu, mwenye kiwanda alichokuwa akifanyia kazi alikuja nyumbani kwangu Temeke akiwa amekumbatia boksi. Alikuwa mzee wa Kihindi. Ukoo wao ulikuwa na kile kiwanda cha uchapaji kule Mikocheni tangu enzi za baba yake. Nilikuwa nimeshamwona mara mbili tu, msibani na makaburini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole tena."

Aliliweka boksi mezani, akakataa kukaa. Ndani mlikuwa na laptop ya kaka na skrini kubwa ya kuunganisha.

"Tulivichukua kule kwake ili kutoa kazi za ofisi. Laptop ni mali yake," alisema. "Hii skrini ni ya ofisi, lakini aliizoea. Baki nayo."

Alifika mlangoni, akageuka. "Miezi ya mwisho aliniomba afanyie kazi nyumbani kwake. Nikamkubalia. Sikumuuliza sababu. Ningemuuliza, mama. Mtu wa miaka kumi na minane kazini, ningemuuliza."

Nilidhani ni maneno ya msiba tu, yale ambayo kila mtu huyasema akitafuta mahali pa kuweka majuto yake. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi kwenye gari.

Kaka yangu alikuwa mpangaji wa kurasa. Kitabu huletwa kiwandani kikiwa maandishi matupu, na yeye ndiye aliyekuwa akiyageuza kuwa kurasa: wapi picha ikae, wapi sura ianze, mstari gani usiachwe peke yake juu ya ukurasa kama mtoto aliyesahaulika stendi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na nimeandika vitabu vitatu vidogo vya hadithi za watoto. Vyote alivipanga yeye. Cha nne kilikuwa ndani ya laptop ile.

Tumetoka Singida. Yeye ndiye aliyetangulia Dar, na nilipomaliza kidato cha sita akanifuata, akanileta. Hakuoa. Alipanga chumba na sebule Kinondoni, uani kwa mama mmoja wa Kipare, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akija kwangu kula mchana. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi, mpaka Ijumaa moja ya Kwaresima alipovuka barabara karibu na kwake kwenda dukani, saa kumi jioni, jua bado kali, akagongwa na bodaboda. Alifariki siku ya pili yake asubuhi bila kuzinduka.

Aliyemgonga hakukimbia. Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye mke na watoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyemnyanyua kaka wakampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali. Kwenye kituo cha polisi alisema sentensi moja, na kila alipoulizwa tena aliirudia bila kuongeza wala kupunguza.

"Aligeuka akanitazama usoni. Nikajua kaniona. Kisha akaingia barabarani."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pale. Mke wake alikuwa upande wa pili na mtoto mgongoni. Nikasimama nikamwambia, "Muongo wewe. Kaka yangu anaona nukta iliyokosewa kwenye kitabu cha kurasa mia mbili. Pikipiki ndiyo asiione?"

Nikaandikisha maelezo yangu: kwamba marehemu alikuwa na macho mazima, kwamba macho ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Nikatia sahihi. Yule bwana alikaa mahabusu wiki kadhaa, baadaye akadhaminiwa, leseni ikabaki polisi, na kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa. Nilikuwa nahudhuria kila mara. Nilikuwa nakaa mahali anapoweza kuniona.

Boksi lilikaa wiki mbili mezani kabla sijalifungua.

Laptop ilikuwa kuukuu. Kioo chake chenyewe kilikuwa na ufa na hakikuonyesha kitu zaidi ya mistari ya rangi, kwa hiyo bila ile skrini kubwa isingenifaa. Niliziunganisha kwa waya wake mezani, dirishani. Kaka alikuwa akitumia Linux badala ya Windows, na mara nyingi alinisimulia kwamba anaipenda kwa sababu inamwachia mtu aipange atakavyo. Neno la siri nilikuwa nalijua.

Picha ilipotokea, ilitokea katikati. Skrini ilikuwa pana karibu kama mlango wa kabati, lakini picha ilikuwa na ukubwa kama wa daftari tu, na kuizunguka pande zote nne palikuwa peusi. Nikadhani skrini imeharibika njiani. Nikachomoa waya, nikapuliza, nikachomeka. Daftari lile lile, giza lile lile.

Nilifungua mipangilio, nikatafuta sehemu ya skrini. Palikuwa na orodha ya vipimo vya picha, na kilichochaguliwa kilikuwa 800 kwa 600. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na 1920 kwa 1080. Nikakichagua. Skrini ikazima, ikawaka, na picha ikajaa mpaka kingoni. Kisha likaja swali: niyabakize mabadiliko haya? Na chini yake maelezo kwamba nisipojibu, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa baada ya sekunde ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Sijui kwa nini nilibaki nikizitazama zile namba badala ya kubonyeza. Zilifika sifuri, skrini ikazima, na picha ikarudi kuwa daftari.

Mara ya pili nilibonyeza. Nikafanya kazi mpaka saa ya kupika, nikaizima.

Kesho yake nilipoiwasha, picha ilikuwa ndogo, katikati ya giza.

Nikaibadilisha tena. Nikabonyeza nibakize. Nikaizima, nikaiwasha: ndogo. Siku iliyofuata ndogo, na ya baada yake pia. Mtu aliyezoea kompyuta angecheka, lakini mimi nilikuwa peke yangu katika nyumba ile na vitu vya mtu aliyekufa, na kila nilichokipanga nilikikuta kimerudishwa. Nilianza kuhisi kwamba kila nikitoka kwenda shule, kuna mtu anakuja kukaa kwenye kiti kile na kuipanga anavyotaka yeye. Nikawa naingia ndani kwa kukohoa kwanza. Kiti nilikigeuza kikae upande upande, ili nikirudi nijue kama kimeguswa. Hakikuwahi kuguswa. Haikunisaidia.

Mama, kule nyumbani Singida, nilipomweleza kwa simu alisema, "Isomee sala, mwanangu, halafu uifunike kitambaa." Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Si umpe mtu? Vitu vya marehemu vingine havitaki kukaa."

Alasiri moja nilijikuta nasema kwa sauti, "Kaka, niache nifanye kazi." Nikanyamaza kusikiliza. Nje muuza maji alikuwa anasukuma mkokoteni wake. Niliona aibu, nikaizima mashine, na siku iliyofuata nikaifunga kwenye khanga nikaipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye duka jembamba la kutengeneza kompyuta nyuma ya shule yetu. Alichomeka laptop kwenye skrini yake mwenyewe. Picha ikatokea ndogo, katikati. Nilishusha pumzi: kumbe haikuwa nyumba yangu.

"Sijui utaniona vipi," nilimwambia, "lakini nairekebisha, inarudi."

"Hata mie ningeogopa." Alikuwa ameshafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe na anachapa. "Lakini si jini, mwalimu, ni faili. Ona. Kuna faili linajiendesha kila ukiwasha. Limeandikwa kwa mkono. Linaiambia skrini: picha iwe mia nane kwa mia sita, iwekwe katikati, isitanuliwe. We ukibadilisha, lenyewe linakungoja. Ukiwasha tu, linarudisha."

"Nani anataka picha ndogo?"

"Ndiyo nashangaa. Watu wananijia wakitaka iwe kubwa. Huyu alikuwa anaipunguza." Alisogeza maandishi juu. "Na haikuwa mara moja. Hii mistari yenye alama ya reli mbele ni ya zamani. Alama hiyo inaiambia mashine isiisome. Hakuifuta, kaiacha tu, na kila mmoja kaandikia maneno pembeni..."

Alisoma hadi mwisho, kisha akaigeuza skrini inielekee.

"Soma mwenyewe, mwalimu. Mie naenda kununua maji hapo nje."

Mistari ilikuwa mitano. Wa kwanza ulikuwa wa 1920 kwa 1080, na pembeni kaka alikuwa ameandika neno moja: *Kawaida.*

Wa pili, 1600 kwa 900. *Pembe za juu zinanipotea. Hapa sawa.*

Wa tatu, 1280 kwa 720. *Daktari kasema presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa. Natia dawa.*

Wa nne, 1024 kwa 768. *Kushoto kumekwenda. Ukurasa mzima siuoni mpaka niutafute.*

Wa tano ndio uliokuwa ukifanya kazi, ule uliokuwa ukinirudia kila asubuhi. 800 kwa 600. *Hapa ndani naona yote kwa mara moja. Nitamwambia mdogo wangu baada ya Pasaka.*

Hakuiona Pasaka.

Kilichonijia hakikuwa kilio kwanza. Zilikuja Jumapili. Jumapili niliyompa kikombe cha chai kutoka upande wake wa kushoto na kikaanguka katikati yetu, nikamwambia, "Umezeeka, kaka," akacheka akainama kuokota vigae, akivipapasa. Jumapili aliyompiga kikumbo mtoto wa jirani kanisani, mtoto akalia, na mimi nikamwombea radhi kwa kuwa yeye alikuwa haelewi kilichotokea. Na mwaka ule wote wa mwisho, tukitoka ibadani, alivyokuwa akiniwekea mkono begani tukitembea. Hakuwa na tabia ile zamani. Nilidhani ni mapenzi ya utu uzima. Nilikuwa nimejivunia mkono ule. Wanawake wenzangu waliniambia, kaka yako anakupenda, nami nikaitikia. Kumbe nilikuwa naongoza kipofu, na sijui.

Fundi alirudi na chupa mbili za maji, akanipa moja. "Niifute?"

"Hapana."

"Basi naizima tu. Naiwekea alama ile ile aliyokuwa anaiweka mwenyewe. Itabaki hapo, haitafanya kazi."

"Kwanza nichapie," nilisema. "Karatasi mbili."

Mpaka leo siwezi kusema kwamba nilikwenda polisi siku ile. Sikwenda. Nilikaa na zile karatasi siku nne ndani ya daftari la mahudhurio la kidato cha pili. Nilikuwa nimeshamweka mtu mahali, na kumtoa kulikuwa kugumu. Kama kaka hakuiona pikipiki, basi yule bwana alisema kweli, na kama alisema kweli, mimi nilikuwa sina mtu wa kumtazama mahakamani. Nilikuwa nabaki na kaka yangu tu, aliyenificha, na mimi mwenyewe, ambaye sikuona kitu kilichokuwa begani mwangu.

Siku ya tano nilifungua begi lake la nguo. Nilikuwa sijaligusa tangu mazishi. Kwenye mfuko wa pembeni palikuwa na kichupa cha dawa ya matone kilichobakia robo, na kadi ya kliniki ya macho. Tarehe zilijaa mbele na nyuma. Hakuwa amekosa hata moja.

Nikavipeleka vyote kwa mpelelezi wa kesi, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alisoma karatasi, akaitazama kadi, akanitazama.

"Mwalimu, unajua hii inafanya nini kwenye maelezo yako ya kwanza?"

"Najua."

"Ndugu zako wanajua?"

"Mama nitamwambia mwenyewe."

Niliandika maelezo mapya. Kliniki ikaombwa taarifa zake, na daktari wa macho akaja kutoa ushahidi. Alieleza kwamba maradhi yale humla mtu kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu. Mwishoni anachobaki nacho ni tundu la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Anaweza kusoma. Anaweza kugeuka kufuata mlio wa pikipiki, uso wake ukakuelekea kabisa, na lile tundu likawa limepita juu ya bega lako. Wewe utaapa kwamba mmetazamana. Mle mahakamani nikamwona yule bwana akiinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

Kesi iliondolewa. Koridoni nilimtafuta, lakini alikuwa ameshatoka na mke wake.

Nilisikia kwa mwendesha mashtaka kwamba leseni alirudishiwa lakini hakurudi barabarani. Alikuwa anabeba mizigo sokoni Tandale. Nikaenda Jumamosi moja asubuhi, nikauliza kwa wauza viazi, nikaelekezwa nyuma kwenye magari yanayoshusha. Nilimkuta amekaa juu ya magunia matupu, amejifunga taulo shingoni. Aliponiona alisimama, na mimi nikaona aibu kwamba amesimama.

"Mwalimu."

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema. "Nilikuita muongo."

"Mbele ya mke wangu."

"Mbele ya mke wako. Ndiyo."

Alijifuta mikono kwenye taulo, kidole kimoja kimoja. Gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa linashusha vitunguu, na wenzake walikuwa wanapita baina yetu wameinama na magunia migongoni.

"Kwa hiyo hakuniona," alisema.

"Hakukuona."

"Yule daktari ana uhakika?"

"Ana uhakika. Na mimi nimeyaona maandishi yake mwenyewe."

Alikaa tena. Akanipisha nafasi kwenye magunia, nami nikakaa.

"Mie toka siku ile namuota," alisema. "Ajali yenyewe siioti, mwalimu. Naota uso tu. Pikipiki tulikuwa nne tumefuatana. Tatu zimepita, yeye kasimama pembeni katulia. Nafika mie, ananigeukia, ananitazama, anaingia. Nikawa najiuliza, huyu mtu kanichagua kwa nini? Kaona nini kwangu hata akaamua, huyu ndiye atakayeniua? Mke wangu akawa ananiambia niende nikaombewe. Nilienda. Naombewa, nikifumba macho namuona."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Miezi yote nilipokuwa nakaa mahakamani ili anione, nilidhani ni mimi niliyekuwa nikimsumbua. Kumbe alikuwa hanioni. Alikuwa akimtazama kaka yangu.

"Hakukuchagua," nilimwambia. "Alisikia mlio, akageukia. Basi."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua.

"Sasa nisaidie hapa, mwalimu. Kama yeye alikuwa hanitazami, mie nilikuwa natazamana na nani?"

Nikamwambia sijui. Alisema si neno, labda sasa ataacha kuja. Kisha mtu wa kwenye gari akamwita, naye akainuka, akainamisha mgongo, wakamtwika gunia. Alipita karibu yangu akasema, "Asante kwa kuja," na sauti ilitoka chini ya mzigo, sikuweza kuuona uso wake. Baadaye nilimpigia simu mke wake mara mbili kumjulia hali. Mara ya pili aliniambia kwamba mumewe analala, lakini taa haizimwi.

Daktari wa macho alikuwa ameniambia siku ile ile ya ushahidi, tukiwa tumesimama nje, kwamba maradhi yale hupita kwenye damu na kwamba nisikae bila kupima. Nilikaa. Nilijiambia nitakwenda likizo. Likizo ikaja ikapita. Nilichokiogopa nakijua: kwamba nikienda, nitamkuta kaka kule ndani, kwenye foleni ya kadi zile.

Mwishowe nilikwenda. Waliniweka mbele ya mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe, nikaweka kidevu mahali pake, jicho moja likafunikwa, nikapewa kitufe mkononi. "Tazama kidoa cha katikati, usikiache," nesi alisema. "Ukiona nuru popote, bonyeza. Nyingine zitakuwa hafifu sana." Nuru zikaanza. Juu, chini, kulia. Nilibonyeza. Kisha pakawa na vipindi ambapo nilikuwa nasikia mashine ikifanya kazi, *tik*, halafu *tik*, na mbele yangu hapakuwa na kitu. Nikajua kwamba wakati ule ule, ndani ya bakuli lile, kuna nuru inawaka mahali fulani na mimi siioni. Nilishawishika kubonyeza kwa kubahatisha. Nilifikiri kaka naye alishawishika, kwenye kiti hicho hicho, na kwa kuwa namjua, najua hakubonyeza.

Daktari alinionyesha majibu. Jicho la kulia zima. La kushoto lilikuwa na doa jeusi dogo juu kabisa, kwenye ukingo, mahali ambapo katika maisha yangu yote sikuwahi kuhisi kwamba pana upungufu.

"Umewahi," alisema. "Ukitia dawa kila siku, hapa hapa panaweza kuwa mwisho wake. Kaka yako alichelewa. Alipokuja mara ya kwanza, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda." Aliandika. "Wazazi je? Nani alikuwa na shida ya macho?"

"Mama anaona vizuri. Baba alifariki nikiwa na miaka minne."

"Baba alikuwa anaona?"

"Baba alikuwa mlevi," nilisema. Lilitoka hivyo, kama jibu. Ndilo lililokuwa jibu la kila swali kuhusu baba nyumbani kwetu.

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Sikuuliza hilo."

Jioni nilimpigia mama. Habari za kaka nilikuwa nimeshamweleza siku za kesi, akalia. Sasa nikamweleza za jicho langu, na kwamba lina dawa.

"Mungu akulinde."

"Mama, baba alikuwa na shida ya macho?"

Nilisikia kuku wa uani kwake, na redio ya jirani.

"Baba yenu alikuwa anajigonga," alisema mwishowe. "Mlangoni, kwenye nguzo. Anakanyaga vifaranga. Nikimpa bakuli la uji analipapasa. Njiani akikutana na mtu hamsalimii mpaka asalimiwe. Tukasema pombe."

"Alikuwa hanywi?"

"Alikunywa kama wenzake. Si zaidi ya wenzake. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea. Alikuwa amekubeba, akajikwaa kwenye mafiga, mkaanguka wote. Hukuumia. Nikamwambia mbele ya mama yake, usimguse tena mtoto wangu, mlevi wewe. Akakuweka chini. Hakukubeba tena mpaka anakufa. Ulikuwa unamfuata, unamnyooshea mikono, anasimama tu anatazama mbele. Mie nikawa nasema, ona, hata aibu hana."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua. Nilikuwa nimeshaambiwa maneno hayo na watu wengi mwaka ule, na nilijua yanafika wapi.

"Jua limezama," mama alisema. "Ngoja nifungie kuku."

Hakukata simu. Aliiweka mahali fulani ikiwa wazi, na mimi nikabaki nayo sikioni. Nilisikia ndala zake zikipita uani, bawaba ya banda, kuku wakigombania nafasi. Kisha ndala zikasimama. Mama akaanza kusema na mtu, kwa Kinyiramba, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini na adabu ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa yeyote tangu nizaliwe. Maneno hayakunifikia, ila jina la baba tu. Kila alipomaliza sentensi alikuwa anangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu, kisha anaendelea.